Nusu Yetu, Nusu Yake

Dohani ile haikuwa yetu peke yetu.
Nusu yetu, nusu ya Bi Sugden wa nambari kumi na tisa,
shingo moja ya matofali juu ya paa mbili,
na tangu gesi ilipofika Barnsley,
mwaka ule nilipong'oka jino la kwanza,
haikutoa moshi hata wa kufukuza nzi.

Sasa binti yangu Rowena anarudi, na kichanga,
bila mume, na chumba hapana.
Darini nafasi ipo, ila katikati yake
imesimama nguzo hii
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado amekalia kiti.

Nikampelekea Bi Sugden barua, kama sheria itakavyo.
Akaisoma mlangoni, miwani juu ya paji la uso,
akauliza swali moja: "Na kunguru?"
Wameshalea, nikasema, wameshahama.
Akaiegemeza ukutani, akatia sahihi
kwa kalamu isiyotaka kuandika,
hadi karatasi ikatoboka.

Jumatatu wakafunga jukwaa la vyuma.
Fundi Lorcan alipanda kwanza, nyuma yake Tegan,
mwanagenzi wa miaka kumi na minane,
mikono imechorwa samaki mpaka viwikoni.
Nilitazamia misumeno, makelele.
Walitumia patasi na nyundo ndogo,
maana chokaa ya miaka mia na ishirini
ilikuwa keki ya juzi.
Lorcan akaniita nione,
akasukuma tofali kwa kidole gumba.
"Hii haikushikwa na kitu."
Uzito wake, akasema, tani mbili, na ushei.
Na chini yake ndipo kilipokuwa kitanda cha mama.
Januari arobaini na moja, na pepo zake zote,
alilala hapo
akiogopa wezi.

Wengine hukuta vitu: sarafu, kiatu cha mtoto, barua.
Sisi tulikuta vijiti,
ndoo kwa ndoo za vijiti, kunguru kwa vizazi vyao,
na kibanio kimoja cha nguo, cha buluu,
chetu au cha Bi Sugden, hakuna wa kuapa.
Kisha masizi.
Wahenga walisema moto huzaa jivu;
hawakusema masizi ni mtoto wa nani.
Yalishuka ngazi yenyewe, yakafungua kabati,
yakalala kwenye sukari.
Nilipopenga kamasi nikayaona makaa ya babu,
aliyeyachimba, akayakohoa,
akaletewa mengine kwa gari kama nyongeza ya mshahara,
meusi vilevile, kwenye leso yangu.

Zamani mama aligonga nyuma ya meko
kwa chuma cha kuchochea moto
(chuma kilibaki hata moto ulipoondoka),
mara tatu: chai tayari.
Bi Sugden hujibu mara mbili: nakuja.
Au mara moja: yupo.
Nilikuwa mtu mzima, na Bwana Sugden yu kaburini,
ndipo nikaielewa ile moja.

Jumatano adhuhuri hapakuwa na kitu.
Lorcan akafunika tundu kwa turubai,
akaandika kwenye ankara: kuondoa dohani, siku tatu.
Kunguru wawili wakaja, wakazunguka.
Mmoja akashusha miguu pale pale,
akakanyaga hewa, akashtuka,
akaenda zake akitukana.

Jioni Bi Sugden yuko mlangoni, hana koti.
Nilidhani amekuja na machozi; nikaandaa maneno.
"Dirisha la paa, bafuni kwangu," akasema,
"limeingiwa na mwanga.
Saa kumi na moja, jua liko juu ya sabuni!
Tangu niolewe sijaliona vumbi lile."
Akanyamaza. Akautazama ukuta wetu,
si mimi.
"Nani atanitundikia pazia?"

Nikachukua bisibisi.
Alitangulia, akauacha mlango wake wazi,
mlango ambao sikuupita tangu tumzike mama.
Nikasimama kizingitini na mikono yangu michafu,
nikagonga mara mbili.