Namba ya Kusahau

Wodi ya watoto njiti, Makete. Juni.
Sakitu imelala juu ya pareto kama chumvi iliyomwagika,
nami fundi wa joto, soksi mbili mbili,
nimekuja kusoma kumbukumbu za kisanduku cheupe
kilicho ukutani, chini ya kalenda ya ushirika.

Hakikuja kinajua lolote.
Wiki ya kwanza kilikuwa mpishi mgeni katika jiko la watu:
hajui sufuria ipi inashika moto upesi,
dirisha lipi halifungi.
Polepole kikajifunza.
Ukuta wa kusini unakunywa joto.
Watoto sita huacha unyevu kwenye kioo, wawili hawaachi.
Na saa nne na dakika kumi usiku
mlango hufunguka, baridi ikaingia na mtu.

Jina lake hakikulijua.
Kilijua shimo alitoboalo katika joto:
nyuzi mbili na nusu, dakika sita.
Basi kikaanza kumtangulia.
Saa nne kamili feni inaamka, hita inakoleza,
ili Sista Edina Tweve akiingia na ukungu mabegani
asimwamshe hata mmoja.

Alistaafu Mei tarehe tatu.
Walimpa kitenge na chupa ya chai.
Kisanduku hakuna aliyekiambia.

Naona hapa, kwenye mchoro:
tarehe nne, saa nne kamili, kilima cha joto.
Mlango haukufunguka.
Tarehe tano, kilima. Tarehe sita.
Kila usiku kimo kinapungua,
kama mama anayepunguza ugali wa mgeni asiyerudi.
Siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili, mstari umenyooka.

Kuna namba, sifuri nukta saba,
inayokiambia kisanduku jana ina uzito gani.
Bila hiyo kingeganda na mazoea,
watoto wapya wangepikwa kwa ajili ya mlango usiofunguliwa.
Niliichagua mimi, mezani, Iringa,
huku nikila mahindi ya kuchoma.
Ni namba nzuri. Siibadilishi.

Muuguzi mpya, Mahenge, hupitia mlango wa nyuma,
saa tano na nusu, na tayari
kijilima kidogo kimeanza kuchomoza pale.

Ila vile vilima kumi na moja nimevichapa kwenye karatasi.
Kesho nikipita Tandala nitamwachia Sista,
ingawa sijui nitaanzaje kumweleza kwamba huyu ni yeye.
Akitaka, auwashie moto.