Kilo Arobaini na Mbili na Nusu

Apaikunda alinipigia saa mbili asubuhi,
nyuma yake mzani wa Uru unagonga chuma kwa chuma:
"Fundi, kurasa zako zina udokozi.
Nimejaza kilo za mzee Ndekirwa, arobaini na mbili na nusu,
nikaenda kuchungulia bei, nikarudi,
nimekuta visanduku vyeupe pe.
Naye kasimama hapa na gunia, ananikodolea."

Nilijua. Nilijenga kila ukurasa kama chumba cha kupanga:
mpangaji akitoka kununua mkate tu
mwenye nyumba keshafagia, keshapiga chokaa,
na akibisha hodi anaulizwa, "Nani mwenzetu?"
Ndivyo kilivyo kijenzi kisichowekewa akiba:
ukihama kinakufa na ulichokiachia,
ukirejea unapokewa na pacha wake,
kazaliwa sasa hivi, hajasikia habari ya kahawa.

Usiku ule, Majengo, umeme ukikatika na kurudi,
niliziondoa kilo mikononi mwa kurasa
nikamkabidhi mzazi wao, yule wa juu asiyehama:
Shika wewe. Watoto waje waombe kwako.
Nikajisifu. Nikalala na viatu.

Saa tatu, simu.
"Sasa zimekuwa ving'ang'anizi!
Huyu dada Ndeambiliasia hajapima hata debe,
kioo kinadai ana arobaini na mbili na nusu.
Ndekirwa kaondoka na risiti, kilo zake zimebaki zinasalimia watu."

Hapo ndipo kichwa kiliponiuma kweli.
Kukumbuka ni mistari mitatu.
Kujua lini usahau kulinila wiki nzima:
si anapotoka ukurasani, si anaporudi nyuma,
ni pale kidole cha mkulima kinapogusa, "Ndiyo, zangu."
Na namba yake nikaiandika kwenye anwani yenyewe,
simu ikizima, dirisha likifungwa,
njia iwe bado inamjua.

Ijumaa nilipanda Uru kuona kwa macho.
Alikwenda kwenye bei, akarudi, kilo zipo.
Mkulima akagusa, zikaondoka kwa adabu.
Kisha Apaikunda akageuza kiganja cha kushoto:
wino wa bluu, tarakimu zote za asubuhi ile,
zimepandana mpaka kifundoni.
"Na hii?" nikamuuliza.
Akaitemea mate kidogo, akaisugua kwenye kanga,
akaita, "Anayefuata!"