Cherehani ya Mama Biuma

Mwaka ule tai zilirudi shingoni.
Redio ilisema vyama ni ruksa, midomo ni ruksa,
na baba, aliyefunga abakosti mpaka kooni
miaka kumi na minane,
akavuka barabara ya udongo, hapa Katuba,
akamwambia Mama Biuma: nishonee moja. Nyekundu.

Akamshonea kwa kipande cha pazia.
Hakutoza. Alicheka tu:
"Demokrasia, jirani, isikunyonge."

Sikumbuki ni siku gani neno *mgeni*
lilihamia mtaani.
Halikubisha hodi. Lilikuja na vijana
tuliowajua, mmoja wao Chola wa muuza makala,
aliyeshonewa kaptura za shule palepale, kwa mkopo.
Wakamchorea mlango kwa chokaa.
Wakasema: Kasai ni kule. Treni iko.

Yeye, aliyezaliwa hospitali ya kampuni,
kitovu chake kimezikwa katika udongo huu mwekundu;
yeye, ambaye baba yake aliyeyusha shaba
mpaka kikohozi kikawa na ladha ya sarafu.

Sisi hatukuvunja mlango wa mtu.
Nasema hivyo kila mara.
Alikuja mwenyewe, usiku, mashini kichwani,
na mama akampimia ndoo mbili za unga wa bukari
na mche wa sabuni.
Hakubishana bei.
"Ukanda unateleza," alisema.
"Ukiteleza, usugue kwa mshumaa."

Wiki tano walilala stesheni,
juu ya saruji, chini ya mvua,
wakisubiri mabehewa ambayo kila asubuhi
yalikuwa yanakuja kesho.
Surua ilifika kabla ya treni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilitumwa kule kuuza maji.
Ndiyo. Maji. Kwa kikombe.

Nikamwona nyuma ya marobota,
anashona kwa mkono kitu cheupe,
kirefu kama mkono wangu, hakina mikono.
Nilikuwa mtoto wa jirani wa fundi;
nilijua nguo ya kuvaa na nguo ya kufunika.
Nikageuza ndoo
nikapitia upande wa mabomba.

Jumapili ile baba alivaa tai.
Redio iliendelea kuhesabu wajumbe wa Mkutano.

Sasa wazazi wote wawili wako makaburini
na mashini iko kwangu, karibu na dirisha.
Siku ya kwanza niliyoifungua kuitia mafuta
nilikuta bobini bado ina uzi mwekundu,
labda dhiraa mbili.
Nilinunua nyingine. Ile iko kwenye kopo la maziwa,
sijui naiwekea nani.

Binti yangu anauliza ilikuwa ya nani zamani.
Ya jirani, namwambia.
Alienda wapi?
Alihama.

Anakanyaga. Gurudumu linazunguka, sindano haishuki.
Mama, ukanda.
Nasikia, nasema,
na ninainuka kutafuta mshumaa.