Barafu ya Shilingi Mia

Kwetu Chang'ombe barafu ni ya kunyonya:
ubuyu, sukari, rangi kidogo, mfuko umepigwa kifundo,
shilingi mia. Watoto wa shule wanang'ata pembe,
wanatema kipande cha nailoni mchangani.
Umeme ukikatika saa nne,
ikifika saa nane mama ana ndoo ya maji mekundu
na deni la sukari dukani kwa Mzee Chibago.

Ndiyo maana baba alipopiga simu kutoka Ufini
kwamba Sechelela ameanza kucheza dansi juu ya barafu
mama aliuliza kwanza,
"Huko umeme haukatiki?"

Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na miwili.
Baba nesi, amepata kazi, tiketi ya mtoto mmoja.
Akachukuliwa aliyelia.

Nimemfuata kwenye simu yenye ufa,
bando la usiku, blanketi kichwani.
Namjua mgongo kuliko uso.
Namjua Eero, mkono wake kiunoni mwa dada yangu,
na mama akichungulia, "Huyu kijana ni wa nani?"
"Wa kazini, mama."

Nikajifunza sheria zao, moja baada ya nyingine.
Mguu huu ukiyumba, alama.
Wakiachana zaidi ya urefu wa mikono miwili, alama.
Hapo nilicheka peke yangu gizani.
Sisi tumeachana jangwa na bahari
na hakuna jaji aliyeandika kitu.

Mwaka mmoja akatia mabega.
Mabega yetu, ya Kigogo, yale ya kutetema
huku kiuno kimetulia kama mtungi,
na ndani ya fidla zao mtu alikuwa ameficha muheme.
Nikamwamsha mama. Akasimama kitandani, kanga imeanguka:
"Hayo ya dada yangu Ndahani! Nani kamfundisha?"
Hakuna aliyemfundisha. Aliondoka nayo.
Wakawa wa kumi na moja.
Mtangazaji alisema sana, sikuelewa hata neno,
ila alicheka mara mbili, na kicheko hakina tafsiri.

Kisha goti.
Kisha Eero akapata msichana mwepesi zaidi
na akaaga kwa ujumbe wa mistari minne, wenye adabu.
Majira yale yote ya baridi Sechelela alifanya mazoezi peke yake,
mkono hewani, ameshika bega la mtu asiyekuwepo.
Video hizo hakuzipeleka popote. Alinitumia mimi.
Sikujua nimjibu nini. Nilimtumia picha ya mbuzi.

Amerudi Novemba, kabla ya mvua, miaka ishirini na saba,
anachechemea kidogo akidhani hatuoni.
Viatu vyenye makali kavifunga ndani ya shuka
kama mtu aliyebeba visu vya mirathi.

Mama akauliza swali alilolihifadhi miaka kumi na minane:
"Maji yote hayo, mkimaliza kucheza, mnayapeleka wapi?"
"Kuna gari linakwangua, mama. Ungaunga wake tunamwaga nje."
Mama akatazama bomba. Mgao, wiki ya pili.
Hakusema neno. Akaenda kupepeta mtama ambao ulikwisha pepetwa.

Leo asubuhi friji imeota theluji tena,
nene, mlango haufungi,
na mama anatafuta bisibisi yake ya siku zote.
Sechelela akafungua shuka.
Akatoa kiatu kimoja, akakigeuza,
akaanza kukwangua kwa mikato mirefu yenye kupinda,
taratibu, mabega yakienda yenyewe,
na theluji ikamwagika beseni, nyeupe, ina harufu ya ubuyu.

Nilisimama mlangoni nikipima kwa macho:
mikono miwili na kidogo.
Nikasogea, nikashika beseni.

"Msimwage," mama akasema. "Kuku hawajanywa tangu jana."