Droo ya Ishirini na Saba

Grasse, Februari. Mimosa imemwagika hadi mferejini,
na mimi, Ondine, mwezi wa tatu kazini,
nakata vijikaratasi vya kunusia,
vyembamba kama ulimi wa mjusi.

Bwana Raybaud ana gurudumu ukutani.
Huku maua, huku ndimu na jamaa zake wachachu,
kule miti, moshi, ngozi;
na pale chini, palipofifia kwa kuguswa na kidole chake,
ambari: ukoo wa joto.
"Hawa," husema, "hawabishi hodi.
Huingia, huvua viatu, hulala."

Alinifundisha kuwatenganisha ndugu wanaofanana.
Karafuu ina jino bovu ndani yake.
Mdalasini una sukari na kisu mfuko mmoja.
Iliki hufika na baridi, kisha hukuvika koti.
Pilipili manga hupiga chafya mlangoni, huyoo, imekwenda.
Wakishaondoka hao wenye kimbelembele
hubaki vanila, ubani, utomvu wa kichaka cha jua kali,
wasiosema neno mpaka taa zizimwe.

Akaja Bi Honorine, kofia ya sufu, chupa isiyo na jina.
Tone moja ndani. Pengine nusu.
"Ya marehemu. Niambieni ni kitu gani, nikinunue."

Raybaud akachovya, akafumba macho.
"Ambari, tawi la viungo. Mdalasini, karafuu,
kungumanga kwa mbali. Droo ya ishirini na saba."

Nikatoa chupa saba.
Ya nne ilimsimamisha kidogo.
"Huyu ni ndugu yake," akasema. "Siye yeye."

Sikuruhusiwa kuzungumza na wateja.
Nikauliza: "Alikuwa na kazi gani?"

"Fulcran? Alishona viatu. Miaka arobaini."

Nikazunguka meza, nikavuka gurudumu zima,
nikafungua droo ya ngozi, ambayo si ya ukoo huo
wala haijapata kuoana nao katika daftari letu.
Kijikaratasi juu ya kijikaratasi.
Nikavipumulia, maana mtu hakuwa baridi.

Hakulia. Alisema tu, "Na nta,"
kama anayesahihisha imla.

Hakununua kitu.
Alivitia vyote viwili ndani ya glavu, upande wa kiganja,
akaisahau chupa kaunta.

Bwana Raybaud alitafuta kitambaa,
akafuta gurudumu taratibu, kama dirisha,
kisha akaniuliza nta tunaiweka wapi.