Koti la Henning

Jina lako bado limo ukosini, Henning,
kwa uzi mwekundu, mkono wa mtu mwenye subira.
Sikuliona pale Kiborloni,
nimezama kwenye rundo hadi kiunoni,
muuzaji akiimba thelathini, thelathini, Ulaya mtupu.
Mama alilinusa makwapa, akavuta zipu mara tatu,
akaondoka kama asiyelitaka,
akaitwa, akarudi.
Tulilichukua kwa elfu kumi na nane na mfuko wa bure.

Nyumbani ndipo Eliakimu alipoligeuza ndani nje
akakusoma kwa sauti, vibaya,
kisha akazamisha mkono mfukoni akatoa mbegu,
kubwa, ya kahawia, inang'aa kama jicho la ndama.
Hatuijui. Ameipanda nyuma ya jiko, kati ya migomba,
na kila asubuhi anaikojolea. Anasema ni mbolea.
Haijaota.

Fomu zimeuliza mengi.
Unaogopa mbwa? Unakoroma?
Jieleze kwa maneno mia mbili.
Niliandika: mimi ni mcheshi. Nikafuta.
Niliandika: wa tatu kwa Kiswahili, wa thelathini kwa hesabu.
Nikafuta hesabu.
Baba akasema andika unajua kukamua.
Mama akasema thubutu, watakukamulisha.

Familia itakayonipokea ilituma picha:
mume, mke, msichana wa rika langu mwenye waya menoni,
na nyuma yao uwanja wote mweupe.
Hata sisi theluji tunayo, niliwajibu,
nikatoka uani na simu ya baba kuwaonyesha.
Mlima haukutoka siku hiyo.
Nikawatumia picha ya mawingu,
nikaandika: upo hapo nyuma.

Leo ni Jumamosi, saa saba, jua la Februari.
Mama ananitembeza uani ndani ya koti lako.
Zipu mpaka kidevuni. Nenda zizini, rudi.
Inua mikono. Kimbia kama unawahi treni.
Jasho linanishuka mgongoni hadi kwenye soksi
na jirani yetu Gaudensia ametua ndoo chini
ili acheke vizuri.
"Zoea," anasema mama.
"Kule hakuna wa kukukumbusha kufunga."

Jioni tunabeba begi hadi kwa Mzee Temu, karani wa kahawa,
tunalitundika kwenye ndoano ya magunia.
Kilo ishirini na sita na nusu. Ndege inataka ishirini na tatu.
Tunatoa unga wa ulezi.
Tunatoa kamusi, tunairudisha, tunaitoa.
Tunatoa sufuria ndogo ambayo hakuna anayekiri kuiweka.
Ishirini na nne na robo.
Mzee Temu, aliyezoea kuliliwa na wakulima,
anasukuma miwani juu.
"Begi halina kosa. Mzito ni huyo koti. Mvae."

Basi nitapanda ndege nimekuvaa, Henning,
pale KIA, mchana, nyuzi thelathini na tatu,
abiria wengine wakijipepea kwa pasipoti.

Usiku mama aliketi chini ya taa na sindano.
Nilidhani anakufumua.
Kumbe alikuwa ananishona chini yako,
kwa uzi wa bluu maana mwekundu hatuna:
AIKANDE, herufi zimebanana,
ile E ya mwisho imeangukia kwenye mshono.
Mbona hujamtoa?
Akakata uzi kwa meno.
"Mwache. Yeye baridi anaijua."

Na asubuhi hii mfuko wa kulia nimeukuta umeshonwa mdomo,
uzi wa bluu uleule, mishono ya mtoto, mirefu, imepinda.
Kuna kitu ndani, kigumu, cha duara.
Eliakimu anakunywa uji, ananitazama kwa uso mkavu.
Sijakibonyeza, sijauliza.
Nimekwenda tu nyuma ya jiko kunawa,
nikaona kati ya migomba
udongo umefukuliwa.