Mguu wa Kushoto wa Kiroboto

Nilimtoa katika blanketi la kaka yangu Joos,
blanketi ambalo mama aligoma kulichoma
ingawa karani wa mji alipita mtaa wote wa wafumaji
akigonga milango kwa fimbo: chomeni, chomeni.
Sufu ile tuliisokota wenyewe.
Nani achome joto lake kwa mkono wake,
Norwich, mwezi wa Novemba?

Bwana Thurlby alitaka mdudu.
Mdogo kuliko wote, alisema, nipate kuonyesha
kwamba Mungu hakuwa amechoka alipofika chini.
Nikamletea ndani ya kikopo cha haradali,
kimefungwa kitambaa mdomoni.
Akanilipa peni mbili, kama mtu anunuaye yai.

Kioo nilikisaga mimi.
Siku kumi na moja: mchanga mnene, mchanga laini,
kisha unga mwekundu kwa kidole gumba
mpaka kidole kikapoteza mistari yake,
na hata leo nikishika sindano huniponyoka.
Kioo chenyewe si kikubwa kuliko punje ya dengu.
Mbele ya mshumaa tukatundika tufe la maji ya Wensum;
mwanga ukapita humo, ukatoka umetulia,
kama mtu aliyekwisha kunawa uso.

Nikainama.

Ee, Joos.
Alikuwa amevaa deraya.
Bamba juu ya bamba, kahawia, iking'aa kama kaharabu,
na vinyweleo vimepangwa safu kama meno ya kitana.
Tumbo limejaa. Ndani ya tumbo, giza jekundu
ambalo nililijua ni la nani.

Nilichora siku tatu.
Mguu wa nyuma wa kushoto haukuwepo,
umekatikia gotini.
Labda ni kidole changu, labda ni kikopo.
Nikachora pale ulipokatikia,
halafu nikaacha karatasi ibaki karatasi.

Bwana akaitazama, akafurahi, akaacha kufurahi.
"Maeyken. Mguu."
Haupo, Bwana.
"Kiroboto ana miguu sita."
Huyu ana mitano.
Akacheka kwa upole, cheko la mtu mwenye maktaba,
akasema: huyu hatumchori, binti,
tunamchora Kiroboto.
Na Gedge, mchonga shaba, akauotesha mguu
kabla hajamaliza kikombe chake cha bia.
Mguu mzuri. Mzuri kuliko ile mingine.

Kitabu kilitoka Pentekoste.
Ukurasa wa arobaini, kiroboto mzima kabisa,
wake za waungwana wakajipepea kwa hofu tamu.
Ukurasa wa sitini na mbili, Bwana anaeleza tauni:
hewa mbovu, asema, mvuke wa mifereji,
sayari mbili zilizokaribiana mno.
Mwana wa mchungaji alinisomea pole pole,
mimi nikizihesabu kurasa zilizo kati yao.
Ishirini na mbili.
Sijui kwa nini nilihesabu.

Hewa ile aliyoivuta Joos niliivuta na mimi,
chumba kimoja, dirisha moja.
Nilimwambia Bwana hivyo, siku moja tu, nikifagia.
Akauliza nimeona nini.
Sikuwa nimeona kitu.
Nikafagia.
Wao wenyewe ndio walionifundisha:
usiseme usichokiona.

Mchoro wangu wa kwanza ulirudi nyumbani.
Mama kautandika chini ya kizimba cha kanari,
kwa kuwa karatasi nene haipatikani hovyo.
Ndege amechafua kichwa chote, na bamba la tatu,
na saini niliyoiweka pembeni kwa herufi ndogo
ni bahati kama utaiona.
Lakini pale gotini, pale ambapo hapakuwa na kitu,
pamebaki peupe.
Kila jioni nikibadilisha maji hupatazama kwanza,
kisha naizima taa,
kisha navuta blanketi.